Kamera ya joto na ampli ya kwaya

Tangu ndugu yangu aniletee kamera ya joto kutoka Lubumbashi, kichwa changu kimevimba. Nikilehemu redio za watu, naielekeza kwenye kazi: penye joto skrini inaonyesha nyekundu, penye baridi bluu. Mji mzima wa Kamina unajua ninayo, maana nimemwambia kila mtu.

Jumamosi asubuhi, kwenye baridi ya kuvalia kofia ya sufu, Mama Ngoie, kiongozi wa kwaya yetu ya Kimetodisti, alileta ampli yao ya kukuza sauti, imekufa. Akaketi kando yangu, kama wateja wa hapa wanavyoketi, fundi asije akawaibia vipuri. Nililehemu waya uliokatika, nikaacha upoe, kisha nikainama na kamera. Kwenye kibati cha ndani kinachong'aa kama kioo kulikuwa na doa jekundu, bluu kidogo juu yake.

"Mama, kuna kitu kinaungua."

Nikabadilisha kipuri kilicho chini ya kibati. Doa likabaki. Nikabadilisha cha pili, likabaki pale pale. Nikamweleza, kwa Kifaransa kizito, kwamba ampli imefika mwisho na kesho kwaya itaimba bila chombo.

Mama Ngoie alikuwa ameitazama skrini muda mrefu.

"Papa fundi, ile moto, ukiinama inakuya. Ukiamuka inapotea."

"Umeme ndivyo ulivyo, Mama."

"Umeme gani? Ampli haiko ku umeme." Akasogeza kidole kwenye skrini. "Na tena iko na kofia."

Nikavua kofia yangu. Doa nalo likavua.