Armonika kwenye Benchi la Akina Mama

Kabla ya kupasuliwa shingo nilikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika korali yetu ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Mimi ndiye niliyetoa wimbo, wengine wakaupokea. Kazi hiyo niliianza nikiwa msichana kwetu Fizi, nikakimbia nayo vita, nikafika nayo hapa. Mashine ya kushona niliipata baadaye, mume pia. Sauti nilikuja nayo.

Kisha goita ikaota. Mwanzoni ulikuwa uvimbe wa kufichwa kwa kitambaa, baadaye ukaanza kunikaba hata nikilala. Daktari wa Lilongwe alinieleza mapema kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita karibu sana na uvimbe na unaweza kuumia. Nikakubali, maana nilitaka kupumua. Nilipoamka nikamwita mume wangu, na kilichotoka kilikuwa kama kijiko kikikwangua sufuria. Mpaka leo ndivyo ninavyoongea.

Prezida wa korali, ndivyo tunavyomwita kiongozi wetu, alikuja kunijulia hali na ndizi mkononi. Akasema nisihangaike na kuimba tena, nitatunza sare za korali, nizifue na kuzipiga pasi. Alisema kwa upole sana. Angenitukana, ningejua la kumjibu.

Kidonda kilikuwa bado kinasafishwa, kwa hiyo nilikaa kwanza kwa wifi yangu mtaani Biwi, pale pale Lilongwe. Siku hizo sikuvumilia kumsikia mtu akiimba. Wifi akiwasha redio, mimi natoka nje. Siku moja nilitembea mpaka soko la Chilinde, kwa Mrundi mmoja anayetengeneza redio na kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Nikamwomba, kwa ile sauti ya kijiko, aniwekee muziki usio na mwimbaji. Hakuniuliza sababu, akaniwekea, nikaondoka.

Sikufika mbali. Ndani ya simu nilisikia mwanamke analia. Hakuwa analia msiba. Alilia kama mtu aliyechoka kuonewa: anapandisha sauti, anaikunja, anaishusha, anakataa kulimaliza neno. Nikarudi kwa hasira kumwambia yule bwana kwamba nilitaka muziki bila mtu.

"Hakuna mtu anaimba pale, mama," akasema. "Iko armonika tu."

Armonika naijua. Ni kile kinanda kidogo cha mdomo ambacho batoto wanapuliza mpaka mama yao anakificha. Akaniketisha kwenye kigoda, akanieleza. Mpigaji alikuwa mzee Mweusi wa Amerika, aliyekufa mimi sijazaliwa, mtoto wa watu ambao babu zao waliuzwa na kulimishwa pamba. Wakati wake wengi waliiona armonika kitu cha kuchezea. Yeye akaja nayo mbele ya bendi. Alifumbata mikro, kile kipaza sauti, ya bei rahisi pamoja na armonika ndani ya viganja, sauti ikatoka nene kama ya tarumbeta. Tena hakupuliza tu, alivuta. Zile noti zinazolia, akasema yule Mrundi, zinatoka pumzi ikiingia. Waliomfuata wamepita njia aliyoikata yeye, hata wale wasiomjua.

Hilo la kuvuta njo lilinishika. Nilishajiona mtu ambaye hakuna chema kitakachotoka tena kooni mwake, na hapa naambiwa kuna wimbo unaotengenezwa kwa kuvuta ndani. Yule bwana alikuwa na armonika kuukuu, tundu moja bubu. Nikamshonea suruali, akanipa.

Niliporudi Dzaleka nilijifunza nyuma ya nyumba, simu mapajani. Nasikiliza kipande kidogo cha yule mzee, nakitafuta, nakikosa, narudia mpaka midomo inachubuka. Mwanzoni nilitoa vilio vya mbuzi. Jirani alimwuliza mume wangu kama kuna mgonjwa ndani. Mume wangu, mtu wa maneno machache, akajibu kwamba yupo, na anapona.

Kukunja noti kulinimalizia msimu mzima wa mvua. Ulimi unarudi nyuma, koo linafunguka kama la mtu anayepiga mwayo, unavuta taratibu bila kulazimisha. Siku noti ilipokubali kukunjika, nsima, ule ugali wa huku, iliungua jikoni na sikusimama. Mkunjo ule nilijifunza kwa yule mzee, lakini aliyelia pale nyuma ya nyumba alikuwa mimi, yule wa Fizi, na mkwaruzo wangu mpya juu yake.

Habari zikamfikia prezida. Akaja na mama mchungaji, nikawapa chai. Prezida alikuwa ameusikiliza muziki ule kwenye simu ya mtu, na haukumpendeza.

"Ile iko muziki ya baa, mama. Mi siwezi kuiingiza kanisani."

"Na gitaa yetu ilibatizwa siku gani?" nikamuuliza.

Nikawaambia kwamba yule mzee alitoka kwa watu walionyang'anywa kila kitu ila pumzi, akaishika pumzi hiyo akaifanyia kazi. Na sisi tuliokaa humu kambini tumebakiwa na nini kingine? Kama ni dhambi, wanionyeshe ilipoandikwa. Waliondoka wakisema wataniombea.

Jumapili korali ikaanza wimbo uliokuwa wangu. Ubeti wa mwimbaji mmoja alikuwa amepewa msichana mwenye sauti safi, na sina ugomvi naye. Ubeti ulipokaribia nikasimama kwenye benchi la akina mama, nikafumbata armonika. Yule msichana akanitazama, akafunga mdomo, akaniachia. Nikavuta. Noti haikutetemeka. Bibi mmoja aliyenijua tangu kwetu akaanza kupiga makofi ya pole pole. Wengine wakainamisha vichwa kama mvua inawanyeshea.

Wazee wa kanisa wakaniweka chini ya nidhamu. Nisishike huduma yoyote mpaka nisimame mbele ya waumini niombe msamaha. Siku yenyewe ilipofika mchungaji akanipa mikro. Niliongea taratibu, ili hata walio karibu na mlango wasikie ule mkwaruzo.

"Siombi msamaha kwa pumzi ambayo Mungu ameniachia. Sare zenu nimezifua, ziko hapo mlangoni. Mtafute mtu mwingine wa kuzifua."

Mchungaji alichukua mikro yake, akakohoa, akasoma matangazo ya juma. Adhabu haikutajwa tena, wala hakuna aliyeiondoa.

Prezida na mimi tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za batoto, na bado anaamini nimekosa. Mimi naamini amekosa yeye. Kuna mzee mmoja na mke wake ambao nikianza tu wanatoka nje, wanasimama juani mpaka nimalize. Wasimame. Sidhani kama yule Mweusi wa Amerika naye alisubiri kila mtu akae kwenye kiti chake ndipo apige. Sare sijavaa tena na siitaki. Nakaa na akina mama, na ubeti ule ukifika nasimama, na sijamuuliza mtu kama inaruhusiwa.