Ijumaa Tuliyobadilisha Bushi za Landrova

Nakumbuka Ijumaa moja ya masika, enzi zile za vijiji vya ujamaa, meli ya Mwanza ilipofika Bukoba asubuhi na kutuletea kifurushi ambacho mimi na mume wangu Projestus tulikuwa tumekisubiri kuliko mgeni yeyote. Ndani yake hamkuwa na nguo wala sukari, mwanangu. Mlikuwa na bushi za springi za nyuma za Landrova.

Nyinyi mnaopata kila kipuri dukani huenda mkacheka. Siku hizo vipuri havikuwapo. Ukitaka kitu cha gari, ulimwomba ndugu aliye Mwanza, naye akaulizia huko na huko, na wewe ukakaa ukiombea meli. Landrova yetu ilikuwa kuukuu, Projestus aliipata ikiwa imekwisha kuzeeshwa na barabara. Bushi zake, zile raba za duara zinazokaa kwenye ncha za springi, pale springi inaposhikana na fremu, zilikuwa zimelika kabisa. Chuma kiligonga chuma. Ukipita kwenye shimo, nyuma inalia kama mtu anapiga debe, na ukikata kona mkia wa gari unataka kwenda njia yake. Wiki chache kabla, kwenye mteremko wa Muhutwe, mkia ule ulitupeleka mpaka ukingoni mwa barabara. Projestus alilituliza gari, tukashuka, tukakaa kwenye nyasi.

Sasa elewa kwa nini tulikuwa na haraka. Mama mkwe wangu, Ma Leokadia, alikuwa kwetu Nshambya, palepale Bukoba, akiwa na mguu kwenye plasta. Aliteleza kwenye kibanja chake cha migomba kule Muleba akikata ndizi, akavunjika. Basi lenye msongamano lisingemfaa, na Jumamosi ile binti yake wa mwisho, Domitila, alikuwa anaolewa kanisani huko Muleba. Baba yao alikwisha kufariki. Asipofika mama, nani atamshika yule binti mkono na kumtoa nyumbani?

Basi tulipotoka bandarini Projestus alivua shati, akapiga jeki nyuma ya gari uani, akafungua magurudumu. Ma Leokadia tulimtolea kiti akakaa kivulini mwa nyumba, mguu ukiwa juu ya kigoda, rozari mkononi. Mimi nilikuwa nampa mume wangu spana. Alipoinama ili ajitelezeshe chini ya gari, mama akaita.

"Projestus! Usiingie huko."

"Kwa nini, Mae?"

"Gari lote hilo limesimama juu ya nini?"

"Juu ya jeki. Jeki hii ni nzima, Mae, usihofu."

"Jeki sikuizaa mimi. Niliyemzaa ni wewe. Tia magogo chini ya fremu, na mawe mbele ya magurudumu yaliyobaki, ndipo uingie."

Mume wangu akashusha pumzi. Alimheshimu sana mama yake, lakini jua lilikuwa linapanda na kazi haijaanza. "Mae waitu, mama yetu, tukianza kutafuta magogo, kesho itatukuta hapahapa. Harusi je?"

"Domitila ataolewa hata nisipokuwapo," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nitalia, halafu nitanyamaza. Lakini sitakwenda harusini nikitoka kukuzika wewe. Mwanamke, lete magogo."

Mwanamke ndiye mimi. Nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi, katikati ya mume na mama mkwe, nawe unajua palivyo pagumu pale. Lakini nilimtazama yule mama na plasta yake, mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutuharakisha, nikaenda jikoni. Tulikuwa na vipande vinene vya mkaratusi vilivyokuwa vinangoja shoka. Niliviviringisha mpaka uani, Projestus akavipanga chini ya fremu, huku na huku, akiguna. Akabana mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Mama akamwambia alisukume gari kwa bega aone kama linacheza. Akasukuma. Ndipo akaruhusiwa kuingia.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu na vile vibomba vya chuma vilivyo katikati ya bushi. Tulimwagia mafuta ya taa, tukangoja, tukajaribu spana, tukamwagia tena. Mwishowe Projestus akachukua nyundo kubwa na kipande cha chuma, akaanza kugonga akiwa amelala chali, kifua chake chini kabisa ya fremu. Aligonga. Akapumzika. Akagonga kwa nguvu zaidi.

Nikaona jeki inainama.

Sikuwahi hata kupiga kelele. Jeki ilichomoka ikaruka pembeni, Landrova ikashuka kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Vumbi na kutu vikafunika kila kitu. Nilibaki nimeshika spana. Ma Leokadia alikuwa amesimama! Amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia ukuta.

"Projestus," akaita.

Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi.

"Projestus, mwanangu!"

Kikatoka kikohozi. Kisha sauti: "Nipo, Mae. Gari liko juu ya magogo. Halijanigusa."

Akatoka akitambaa, uso umejaa vumbi jekundu. Mimi nilikaa chini palepale nikalia, nikacheka, nikalia tena. Tulimrudisha mama kwenye kiti. Nilitazamia amseme mwanawe, maana haki alikuwa nayo. Wapi! Alimvuta akapiga magoti, akampapasa kichwa, mabega na mbavu kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka mtini. Halafu akafuta machozi kwa kanga yake.

"Kunywa chai kwanza," akamwambia. "Ukimaliza urudi kazini. Domitila anatungoja."

Na kweli bolti ile ilikuwa imelegea. Tukatoa bushi za zamani, zikamomonyoka mikononi kama mkate mkavu. Mpya tulizipaka maji ya sabuni zipate kuteleza, tukazivuta ndani kwa bolti ndefu na kipande cha bomba. Nati za mwisho Projestus hakuzikaza mpaka gari liliposhuka chini na kusimama kwa uzito wake, maana raba ikikazwa gari likiwa juu hujinyonga na kuchanika mapema. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, kazi ilikuwa imekwisha.

Asubuhi tukaondoka. Tulipofika Muhutwe nilifumba macho. Tukaingia kona ya kwanza, ya pili, gari limetulia, nyuma kimya. Ma Leokadia akauliza, "Leo mbona halipigi debe?" Tukacheka wote mpaka Projestus akalazimika kupunguza mwendo. Huko Muleba Domitila alikuwa amesimama njiani na mavazi yake meupe, amekataa kuingia kanisani bila mama. Alipotuona alikimbia kuja garini, na wanawake wakapiga vigelegele kijiji kizima.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kazi yoyote inayoweza kukuua, iandalie kinga kabla hujaianza, hata kama una haraka, hata kama hujawahi kuumia. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na mtu anayekupenda akikuzuia kidogo, usimhesabu kuwa anakuchelewesha. Msikilize. Shughuli unayoikimbilia inaweza kungoja, nasi tunaokungoja tunakutaka wewe mzima.

Mungu ailinde mikono yako kazini na miguu yako safarini. Akupe watu wa kukuita jina lako kwa upendo, na kila wakikuita, akujalie pumzi ya kuwaitikia.