Kadi ya Marehemu

Baba mdogo alipanda basi kutoka Ipogolo hadi kwetu Mbeya, akaweka mezani kadi ya mpiga kura ya mkewe, aliyefariki mwaka juzi. "Shemeji, utasafiri na hii," alimwambia mama. "Vikongwe hawaangaliwi usoni."

Nilijua ni kosa, na bado nikaipokea.

Mama alikuwa amevunjika nyonga. Daktari alisema akapasuliwe Dar es Salaam, na basi asiliguse, apande ndege. Ndege inataka kitambulisho, naye hana hata kipande cha karatasi. Alikuja kuolewa akitokea Malawi, akavuka Mto Songwe kwa miguu wakati wa kiangazi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza chochote, hadi vilipokuja vitambulisho vya taifa. Baba alikwisha fariki, maofisa wakataka ndugu yake athibitishe ndoa. Baba mdogo huyuhuyu, aliyekula mguu mzima wa mbuzi kwenye harusi hiyo, akagoma. "Mimi siingizi wageni nchini." Mgeni! Wakati bibi alipougua, mama ndiye aliyemgeuza kitandani na kumfulia mashuka, si yeye mwanawe.

Sasa alikuwa mwalimu. "Jina? Umezaliwa wapi?" Mama alitakiwa kujibu Kalenga, alikozaliwa marehemu, mahali ambapo yeye hajawahi kukanyaga. Akikosea, baba mdogo anacheka na kudai chai nyingine. Mzee yule ana roho chafu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwongezea sukari.

Uwanja wa ndege tulimwingiza mama kwa kiti cha magurudumu. Binti wa kaunta akaishika kadi, akamwinamia. "Shikamoo, mama. Unaitwa nani?"

Nilimfinya bega. Mama yangu, mgonjwa, nilimfinya kama mtoto anayetaka kutoboa siri mbele ya wageni.

Akataja jina lake mwenyewe, la baba yake, na kijiji chao ng'ambo ya mto. Polepole, bila kutetemeka. Binti alinitazama, akanirudishia kadi. Hakuita askari, na kwa hilo namshukuru. Ndege iliondoka bila sisi.

Njiani nilifoka. Nilimwambia ameutupa mguu wake, hatatembea tena. Alisubiri nimalize.

"Mwanangu, mwenye kadi ile nilimwosha kwa mikono yangu, tukamzika," alisema. "Ningefia huko kwa jina lake, mngemzika nani?"