Jina Nililoombwa Kulisema

Majina ya watu nayashika. Shule niliishia darasa la pili, lakini ukiniuliza nani kazaliwa mwaka gani hapa Mkotokuyana, mama yake nani, bibi yake nani, nitakutajia mpaka uchoke. Hapa sitamtaja mtu. Wenye majina bado wapo, na kosa ninaloliandika ni langu, si lao.

Mwanangu wa kwanza alioa binti wa Kimakua. Binti huyo alikuja na watu waliokimbia vita ng'ambo ya Ruvuma, ana kanga mbili na sufuria isiyo na mfuniko. Ndugu zake walipotelea njiani. Mama yake alifariki kabla hawajaufikia mto, wakamfukia haraka haraka wakaendelea na safari. Alinisimulia hayo siku moja tukimenya mihogo, na hakuyarudia tena.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini akajifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu nilipompelekea uji, akanishika mkono.

"Mama, jina ninalo. La mama yangu."

Akalitamka. Fupi! Ulimi unagusa meno mara moja, limekwisha. Sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine, si Nachingwea, si Ruangwa, wala minadani ambako watu wa kila kabila wanakutana.

"Hilo ni jina au umepiga chafya?" nikamtania. Akacheka, nami nikacheka.

Sasa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Kitovu kikidondoka, mtoto anatolewa nje, watu wanakaa mkekani, na anayesimama kusema jina ni mtu wa upande wa mama. Bibi mzaa mama, na kama hayupo, basi mjomba. Sisi wa upande wa baba tunapiga vigelegele, tunakula, tunarudi makwetu.

"Mimi sina mtu," akaniambia. "Nisemee wewe, mama. Kaa pale ambapo mama yangu angekaa."

"Ondoa shaka, mwanangu," nikamjibu. Na wakati ule nilikuwa namaanisha.

Siku ikafika. Nilichinja kuku wawili, majirani wakajaa uani. Mama mmoja wa Kimakonde, mtu wa maneno sana, akaanza:

"Haya, upande wa mama uko wapi? Au mmeufungia ndani usitumalizie kuku?"

"Upande wa mama ni mimi leo," nikasema.

"Wewe huyo huyo? Basi leo utakula sahani mbili!"

Watu wakaangua kicheko. Nikapokea mtoto, nikasimama. Nilipomtazama usoni, kipaji cha uso kilikuwa cha mama yangu mzazi, au mimi ndivyo nilivyotaka kukiona. Nikawaza: mtoto wa mwanangu, na kwa desturi hata kidole chake si changu. Nikafungua mdomo, nikasema jina la mama yangu.

Nikisema nilisahau nitakuwa naongeza dhambi juu ya dhambi. Lile jina fupi lilikuwa limenikaa ulimini tangu asubuhi. Na hili nililolisema lilikuwa limeshajaa kijijini, ukiliita kisimani wanageuka wanawake wanne.

Vigelegele vikapigwa. Mkwe wangu alikuwa ameinama. Akanyoosha mikono kumpokea mwanawe, akamfunika uso kwa kanga.

"Ahsante, mama," akasema.

Ahsante hiyo ninayo mpaka leo. Mkwe hawezi kumbishia mama mkwe mbele za watu. Angekuwa na mjomba, mjomba yule angesimama palepale, na kuku wangebaki sufuriani. Mimi nilijua hana. Hapo ndipo panaponiuma. Nilimdhulumu kwa sababu nilijua hakuna wa kuja kuniuliza.

Mume wangu peke yake ndiye aliyeuliza, tukikunja mikeka. "Ndilo alilotaka?"

"Ndilo," nikasema.

Baadaye nilijitafutia maneno. Kwamba jina la mtu aliyefukiwa njiani lingemletea mtoto mkosi. Maneno hayo hayakunisaidia, maana hata mwenyewe sikuyaamini.

Mama wa mtoto hakuwahi kuliita jina nililompa mtoto mbele yangu. Alikuwa akisema "mwanangu", "njoo", "wewe mtoto". Watu walidhani ni haya ya kutaja jina la mkwe, maana lilikuwa la mama yangu, na mimi nikaacha wadhani hivyo.

Mtoto alipokuwa na miaka kama saba, walikuwa wameshahamia Mbekenyera kulima ufuta. Nikapanda lori la mnadani kwenda kuwaona, na mfuko wangu wa karanga kichwani. Nikapita njia ya nyuma, kwenye mafungu ya ufuta uliosimamishwa ukauke. Kabla sijatokeza uani nikamsikia mkwe wangu akiita. Lile jina fupi. Aliliita taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Abee, mama," mtoto akaitika.

Nikakohoa. Mkwe wangu akageuka na ungo mkononi, akaniona, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Karibu." Kisha, kabla sijauliza, "Nilikuwa naita kuku tu."

Kuku! Jina la mama yake, aliyemwacha njiani bila hata jiwe la alama, akalivisha kuku ili mimi nisikasirike. Karanga zikanizidi uzito, nikaketi chini kwenye vumbi.

"Inuka, mwanangu," nikamwambia. "Nimesikia. Nilikukosea siku ile. Nitawaita watu tena, nitalisema mbele yao."

"Mama, lilishasemwa." Hakuwa na hasira. Alikuwa akiokota ufuta uliomwagika kutoka kwenye ungo. "Shuleni ameandikwa, zahanati ameandikwa. Liache tu."

"Siwezi kuliacha."

Akaendelea kuokota.

Mjukuu wangu akanijia mbio, tumezoea utani sisi. "Mke mwenzangu kaja! Umeniletea nini?"

Nikaona njia iliyobaki ni moja. Nikanyoosha mikono, nikamwita kwa lile jina fupi, kwa mara ya kwanza tangu alipozaliwa.

Akasimama palepale. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Hilo hapana, bibi," akasema. "Hilo la mama peke yake."

"Mtoto, adabu!" mama yake akamkemea.

"Usimkemee," nikasema. "Kasema kweli."

Nikamwita kwa jina nililompa mimi, na hapo akaja, akakaa pajani, akafungua mfuko wa karanga. Mama yake akaingia jikoni kunipikia.