Kupe wa Mahali pa Haya

Sisi ni watoto wanne, na mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari ili jembe la mama lisilale. Nyumba yetu ya mbao iko juu ya kilima upande wa Masisi, kule ambako ukianza kuteremka unakwenda Kashebere na msitu wa Walikale. Tunalima maharagi na viazi kando ya malisho ya ng'ombe wa watu. Anayenifuata ni Neema, kisha Baraka, kisha Ombeni, ambaye bado analala ameshika pindo la kitenge changu. Baba alikuwa mwindaji kama watu wote wa ukoo wake, na alituachia mbwa jike wa kuwinda. Alimwita Watasema. Jina hilo lilikuwa salamu yake kwa majirani.

Nilimwomba Mungu jambo moja tu, tusitawanyike. Kwetu nyumba ikibaki bila baba wala mama, jamaa hugawana watoto, na hawafanyi hivyo kwa ubaya. Papa mukubwa, kaka wa baba anayekaa Mpofi, alitaka kutugawa tangu matanga ya mama. Nilimwambia nina mikono. Akasema, "Sawa. Lakini siku ile utaanguka, nitakuja kuwachukua." Hakuwa ananitisha. Alisema jambo kama lilivyo.

Kupe kwetu si habari ya kuandika. Jioni wadogo zangu walimlaza Watasema katikati yao, wakamchomoa kupe kwa kucha, wakawapasua juu ya jiwe na kushindana nani amepata mnene zaidi. Kupe akimng'ata mtu, tulimpaka mawese au petroli ya taa ili alewe aachie. Wengine walimkaribishia kaa la moto. Ndivyo tulivyowakuta wazazi wakifanya, na wazazi waliwakuta wazazi wao.

Wakati wa kupalilia maharagi, siku moja nilipokuwa naoga, nilishika kitu kama punje kwenye kinena, pale paja linapoungana na mwili. Kilikuwa kupe. Nilimpaka petroli, nikangoja, nikambana kwa kucha na kumzungusha. Akapasuka. Tumbo lilibaki vidoleni mwangu, kichwa kikabaki ndani ya ngozi. Nilisuuza mikono, nikaenda kusonga bugali.

Wiki ikapita. Kisha kichwa kikaanza kuniuma nyuma ya macho, shingo ikakakamaa, homa ikapanda. Nilitetemeka chini ya blanketi mbili, halafu nikalowa jasho. Nilitapika hata maji. Kwenye kinena ilitoka mitoki, uvimbe mgumu kama mayai ya njiwa, nikawa natembea nimepanua miguu. Pale aliponing'ata kupe palifanya kipele, kisha ganda jeusi, kama alama ya mtu aliyezimiwa sigara kwenye ngozi. Ganda lenyewe halikuuma, kwa hiyo sikulijali.

Nilinunua dawa za malaria dukani, nikazimaliza, na homa haikushuka. Neema alituma habari Mpofi kwa mwendesha pikipiki, na Papa mukubwa akaja. Alinisindikiza kwenye kituo cha afya. Msichana asiye na baba husindikizwa na baba yake mkubwa, na baba mkubwa anaingia naye mpaka ndani. Muuguzi wa pale, ambaye sote tunamwita Dokta, alinitoboa kidole, akatazama kipimo, akasema malaria haipo. Kisha akauliza kama nilikuwa na kidonda mahali popote mwilini. Papa mukubwa alikuwa amesimama karibu yangu, kofia mkononi. Mwanamke wa kwetu hataji kinena mbele ya kaka wa baba yake. Nilijibu kwamba sina. Tukarudi na vidonge vya maumivu.

Nyumbani nilizidi kwenda chini. Vipele vidogo vilinitoka mikononi na miguuni, hadi kwenye viganja na nyayo. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai iliyolala. Siku moja nilimwita Ombeni kwa jina la baba, akakimbia nje akilia. Neema alitaka kuniogesha, nikakataa. Tangu mama afe, mimi ndiye niliyekuwa mama wa nyumba ile, na mama havui nguo mbele ya watoto wake. Nilijipangusa mwenyewe chini ya blanketi. Baadaye mkono haukuweza kufika popote.

Ukuta wa mbao hauzuii maneno. Nikiwa nimelala niliwasikia Papa mukubwa na wazee wa ukoo wakizungumza sebuleni, kwa sauti ya watu wanaopanga mazishi bila kuyataja. Neema angekwenda Kirotshe kwa shangazi. Baraka na Ombeni wangekwenda Mpofi. Nguo zao zilikuwa zimekwisha kufungwa. Ombeni aliuliza kama Watasema naye atakuja.

Nilimwita Neema.

"Leta maji ya moto, uniogeshe."

"Wapi, dada? Mikono?"

"Mwili muzima."

Aliniosha polepole, mgongo, kifua, tumbo. Alipofika kwenye kinena alisimama.

"Dada, hii iko nini?"

"Ni kupe tu. Ilishapona."

"Haijapona. Iko nyeusi." Akagusa mitoki, nami nikalia kwa sauti.

Alitoka bila kukausha mikono. Nilimsikia akisema mbele ya wazee wote, mtoto wa kike ambaye hakuwa ameulizwa neno: "Papa mukubwa, dada iko na kidonda cheusi. Iko mahali ya haya, njo maana hakukisema mbele yenu. Mimi njo nakisema. Tumurudishe kwa Dokta."

Kisha kiti kikasukumwa, na Papa mukubwa akauliza miti ya kipoyi iko kwa nani.

Kipoyi ni machela yetu, miti miwili na blanketi katikati. Vijana wanne walinibeba katika njia ya matope. Mmoja wao alilalamika kwamba walimwambia mgonjwa amekonda, mbona ni mzito kama gunia la viazi. Mwenzake akamwambia, "Gunia haisikie matusi. Huyu akipona atakuripoti kwa mama yako." Nilitaka kucheka, midomo ikapasuka. Watasema alitufuata nyuma, akijikuna kila tulipopumzika.

Safari hii Dokta aliwaomba wanaume wakae nje, akamwita mama mkunga asimame karibu. Alitazama ganda jeusi, akanishika viganja na kuvigeuza. "Njo hii nilikuwa natafuta ile siku," alisema. Hakuninung'unikia. Alieleza kwamba ni homa ya kupe, kupe wa mbwa na wa ng'ombe hubeba ugonjwa huo, na dawa yake ipo, doksisiklini. Aliniwekea pia serumu, maji ya kuingizwa mshipani, kwa sababu nilikuwa nimekauka. Alimwambia Papa mukubwa wazi kwamba tungechelewa zaidi, figo zingeweza kusimama.

Kabla wiki haijaisha homa ilikuwa imeshuka. Kitu cha kwanza nilichotamani kula kilikuwa kiazi cha kuchoma na chumvi. Nilikila nikilia.

Siku ya kuruhusiwa, Dokta alimwona Watasema mlangoni, akawaita wadogo zangu waliokuja kunichukua. Alimfunga mbwa mdomo taratibu kwa kitambaa, akachukua kibano chembamba, kile cha kung'olea nyusi, akatafuta ndani ya sikio. Alimshika kupe karibu kabisa na ngozi, kwenye kichwa chake, bila kubana tumbo. Akavuta moja kwa moja juu, kwa nguvu ya upole isiyokatika, bila kuzungusha. Kupe akatoka mzima, miguu ikichezacheza. Dokta akamtumbukiza kwenye maji ya sabuni, akaosha sikio na mikono yake kwa sabuni.

"Petroli hapana, mawese hapana, moto hapana," aliwaambia. "Mukimutesa, anatapika ugonjwa ndani ya mutu. Na mutu asimupasue kwa kucha, damu yake iko na ugonjwa."

Baraka akauliza, kama kibano hakuna? Dokta akasema ufunike vidole kwa kitambaa au mfuko wa plastiki, umshike vilevile karibu na ngozi. Kipande kikibaki ndani na hakitoki kirahisi, usichimbe kwa sindano; osha, acha ngozi ikisukume yenyewe. Na dawa ya kunyunyizia ng'ombe isimwagwe juu ya mtu, wala juu ya mbwa bila kumuuliza daktari wa wanyama.

Namshukuru Mungu, aliyenipa mdogo asiyeogopa wazee. Namshukuru Dokta, na vijana wa kipoyi, hata yule wa gunia la viazi. Kwenu mnaosoma, hasa dada zangu mnaolea wadogo zenu, nawaomba mambo machache. Mkitoka shambani au malishoni, jichunguzeni kungali mwanga: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, na kwa watoto ndani ya nywele. Mbwa atazamwe masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Homa ikija baada ya kupe, nenda kituo cha afya umtaje huyo kupe, hata kama alikwisha toka zamani. Na ikiwa mtu aliyekusindikiza anakufunga mdomo, mwombe muuguzi amtoe nje kwanza. Si kumvunjia heshima. Mimi heshima hiyo ilikuwa inipeleke kaburini, na watoto kila mmoja njia yake.

Baada ya mavuno Papa mukubwa alikuja tena. Nilidhani amekuja kuwachukua watoto, maana hakusema amefuata nini. Alikaa, akala, akatazama nguo za watoto zilizoanikwa uani. Kisha akavua kofia, akamwinamia Neema.

"Tangu jana kuna kitu nyuma ya sikio," alisema. "Nilikuwa nimetaka kutia moto, nikaacha. Tazama, mama."

Neema akaleta kibano na sabuni. Alimtoa kupe mzima, akamwonyesha. Papa mukubwa alimtazama ndani ya maji ya sabuni, akavaa kofia yake, akatubariki mmoja mmoja kwa majina. Jua lilipoanza kushuka alishika njia ya Mpofi, peke yake.