Sauti Iliyofunguliwa Mara Nyingi

Kazini walimwita Dada Faili, na jina lilimkaa. Alikuwa mchunguzi wa simu na kompyuta katika maabara ya polisi, mjane wa makamo asiye na mtoto. Chakula cha mchana alikila mbele ya skrini, maana kule mezani kwa wenzake hakuna aliyemwekea nafasi.

Mwaka huo maabara ilianza kutumia blokcheni, daftari la kidijitali lisilofutika. Kila faili la ushahidi lilipewa alama yake, mfano wa alama ya kidole, na kila aliyelifungua aliandikwa papo hapo. Kumbukumbu hizo zilikaa polisi, mahakamani na kwa mawakili kwa pamoja, hivyo hakuna aliyeweza kufuta jina lake kimyakimya.

Ndipo ikaletwa simu ya kijana aliyeuawa. Ndani yake mlikuwa na ujumbe wa sauti wa mama yake: "Mwanangu, umekula? Usichelewe, nakusubiri." Simu ilionyesha kijana aliusikiliza saa ngapi, yaani saa hiyo alikuwa bado hai. Kwa upande wa uchunguzi, kazi iliishia hapo. Lakini kesho yake Dada Faili aliufungua tena, na keshokutwa, akafumba macho, vipokea sauti masikioni. Tangu amzike mumewe hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Mahakamani, wakili wa mshtakiwa alikiri kwamba alama ya faili haijabadilika. Ila alitaka kujua kwa nini shahidi alilirudia mara nyingi hivyo. Alikuwa anatafuta nini?

Dada Faili angeweza kusema alikuwa anahakiki.

"Nilikuwa nasikiliza tu," akasema. "Nyumbani kwangu hakuna wa kuniuliza."

Jaji akaukubali ushahidi, kwa kuwa alama zililingana kote. Mama wa marehemu alimtazama Dada Faili kitambo, kisha akageuza uso. Maneno yale alimwambia mwanawe, hakumwambia mwingine.

Mshtakiwa alifungwa. Mkuu wa maabara akamhamishia Dada Faili mapokezi, kwa upole, akidai ni kwa ajili ya afya yake. Huko anapokea simu za watu, anazitia kwenye mifuko ya ushahidi, anabandika namba, hazifungui. Wenzake wakipita mlangoni humsalimu vizuri, kwa sauti ya chini kama wanaopita karibu na mgonjwa. Naye huitikia, akiendelea kufunga mifuko.