Maharage ya Mwakani

Kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa, Fundi aliamini kwamba mke wake ni mwizi wa uzi. Si uzi wowote, mwekundu tu. Kila msimu maharage yalipoanza kutoa maganda huko nyuma ya nyumba, uzi mwekundu ulipungua kwenye droo ya cherehani, na Fundi akapiga kelele zilezile za mwaka jana. Mke wake hakujitetea. Alipita barazani na vipande vya uzi vimening'inia mdomoni, akaenda bustanini kuyafunga maganda yaliyotangulia.

Ilikuwa mbegu ya kwao. Maharage ya kutambaa, meupe yenye madoa ya kahawia, yaliyopanda chochote kilichosimama: fito, kamba ya nguo, hata mlingoti wa antena ya jirani. Alikuja nayo siku aliyoolewa, imefungwa kwenye leso, kama alivyopewa na mama yake. Fundi yeye alikuja na cherehani. Ukitaka kujua nani alileta cha maana, cherehani imeshabadilishwa mara mbili.

Tatizo ni kwamba Fundi alikuwa mlafi wa maharage machanga, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye yale ya kwanza, manene, yenye uzi.

"Hayo si yako," mke wake alimwambia. "Ni ya mwakani."

"Na mwakani nisipokuwepo?"

"Nitayala mwenyewe."

Walicheka kila mwaka. Ila aliyetangulia kuondoka akawa mke, na ule utani ukamkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki.

Nguo za marehemu waligawana ndugu. Kilichobaki ni kishada cha maganda makavu juu ya jiko, kilichofungwa uzi mwekundu kwa lile fundo lake kubwa, baya, ambalo hakuna fundi wa cherehani angekubali litoke dukani kwake. Lilikuwa jambo la mwisho vidole vya mke wake kufanya katika nyumba ile. Fundi hakuligusa. Kila asubuhi akisubiri chai ichemke, aliinua macho, akalisalimia.

Msimu ulipofika alipanda maharage ya mbegu ileile yaliyobaki kwenye kopo la jikoni, yale ya kula. Na maganda ya kwanza yalipotoka, alikula. Kwa nini asile? Hakuna aliyekuwepo wa kumkataza. Alikula huku akilia, na yalikuwa matamu. Yaliyochelewa, yaliyosalia kwenye ncha za mashina wakati mvua inakwisha, ndiyo aliyoyakausha, akayachanganya na majivu, akayarudisha kwenye kopo kwa ajili ya kupanda tena.

Mwaka wa pili maharage yalichelewa. Fundi akalaumu mvua. Mwaka wa tatu akalaumu udongo. Mwaka wa nne yalipanda mpaka juu ya fito, majani matupu, yakatoa maua wakati mawingu yanaaga. Akamlaumu mbuzi wa jirani, ambaye safari hii alikuwa hajafanya kosa lolote.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, na chupa tupu iliyooshwa vizuri.

"Yangu yamekwenda na mafuriko, shemeji. Nimekuja kuomba mbegu. Ya kwetu imebaki kwako tu."

Fundi akaleta kopo. Shemeji akamimina kwenye ungo, akazipekua kwa kidole. Punje zilikuwa ndogo, zimejikunja, madoa yamefifia.

"Ya kwanza huwa unayafunga uzi?"

"Uzi wa nini? Si alikuwa ananizuia nisile?"

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Yale ndiyo yalikuwa mbegu, shemeji! Wewe umekula yanayowahi, umepanda yanayochelewa, miaka minne mfululizo. Hukuambiwa?"

Aliambiwa, bila shaka. Lakini mguu ukiwa kwenye pedali, sikio la Fundi lilipokea nusu ya maneno.

Macho ya shemeji yakapanda juu ya jiko. "Na yale pale?"

"Yale ni yake."

"Ni ya dada, najua. Lakini yakipita mwaka mwingine hayataota. Tutabaki na maganda."

"Hakuna atakayeyagusa!" Fundi akafoka, akatoka. Alikaa barazani akikanyaga cherehani bila kitambaa, sindano ikishona hewa. Alimkasirikia shemeji. Kisha akamkasirikia marehemu kwa kutosema kwa sauti kubwa zaidi. Mwisho akabaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia.

Aliporudi alipanda kwenye kigoda, akakishusha kishada. Mfukoni alikuwa na mkasi, lakini hakuutoa. Alilifungua fundo kwa kucha, polepole, jasho likimtoka, yeye mtu aliyefumua mishono ya nusu ya mji. Uzi ulipolegea akauzungusha kidoleni, akaona aibu, akatazama dirishani.

Mengi yalikuwa yamebunguliwa na wadudu. Mazima waliyagawana kwenye vikombe viwili. Ya shemeji yalitiwa kwenye chupa, naye akaondoka ameikumbatia kifuani.

Katika kikombe cha Fundi yaliota tisa. Aliyachomekea fito akiwa na wasiwasi kama baba mpya. Yalichanua mapema, mvua ingali nzuri, na asubuhi moja akayakuta: maganda ya kwanza, manene, yanang'aa kwa umande. Mate yakamjaa. Mkono ukanyooka wenyewe.

"Hayo si yako," akasema kwa sauti. Mbuzi wa jirani akageuka.

"Ni ya mwakani."

Akatoa mfukoni uzi uleule, akaukata vipande, akafunga. Msimu ule Fundi hakula ganda hata moja. Alichemsha kabichi, akala akitazama kishada kipya juu ya jiko, kilichofungwa kwa fundo kubwa, baya, na mtu aliyejua kufunga zuri.